Mume hataki watoto wachanjwe surua, na safari ya Mombasa imebaki wiki sita

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 33. Huu ni mwaka wa saba tangu mimi na mume wangu tuhamie Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, yeye anaendesha lori. Mungu ametujaalia watoto wawili: wa kiume ana miaka mitatu na nusu, wa kike ana miezi minane. Bibi yao mzaa baba anawaona kwenye simu tu, hajawahi kumpakata hata mmoja.

Disemba hii wifi yangu anaolewa. Tiketi tulikata tangu Julai, tunapitia Amsterdam na Nairobi, na nyumba ya harusi ni kwa mama mkwe, Kisauni. Zimebaki wiki sita.

Matatizo yalianzia kliniki. Nilimpeleka binti kupimwa, na muuguzi aliposikia kwamba tunasafiri nje ya nchi akasema mtoto apate chanjo ya surua kabla ya kuondoka, ingawa hajatimiza mwaka. Kisha akafungua rekodi za kaka yake, akakuta hana hata moja. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ukweli ni kwamba kijana alipokaribia mwaka, mume wangu alisikia kwa wenzake kwamba ile chanjo ya MMR, ya surua, matumbwitumbwi na rubela, inaleta usonji (autism). Akasema, ngoja kwanza aanze kusema. Nikakubali, maana nami niliingiwa na hofu. Sasa mtoto anasema toka alfajiri mpaka anasinzia, Kiswahili na Kiingereza, na baba yake bado anasema ngoja.

Safari hii nilipolifungua tena alikasirika. Akaniambia, "Mimi na ndugu zangu sita sote tuliugua ukambi, mama akatufungia ndani, tukapona. Kwani Mombasa kuna nini? Umeshakuwa Mmarekani, kwenu unakuona uchafu." Neno hilo limeniuma mpaka leo. Nikajaribu kupitia kwa mama mkwe, nikamdokezea kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, nyumba yangu ina maradhi?" Akanishauri niwape watoto mafuta ya samaki yenye vitamini, yatatosha.

Mama, nimefikiria mambo mawili. La kwanza, niwapeleke watoto kliniki kimyakimya siku mume akiwa njiani na lori. La pili, niahirishe safari, nipoteze pesa za tiketi na nionekane adui wa harusi. Na kuna jambo langu mimi mwenyewe: kadi yangu ya kliniki ilipotea zamani. Mamangu anasema nilipata sindano ya miezi tisa. Je, inatosha?

Mama wa Wawili,
Minneapolis

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalenda mkononi. Nianze na hiyo kalenda, kwa sababu mengine yote yanaweza kujadiliwa, lakini siku hazingoji mtu.

Kijana apate chanjo ya kwanza wiki hii. Ya pili anaweza kuipata zikishapita siku 28, na hapo bado mtakuwa na karibu wiki mbili kabla ya kupanda ndege, muda ambao mwili unahitaji kujijengea kinga. Dozi zote mbili zitahesabiwa kwenye rekodi yake ya shule. Binti naye apate moja sasa. Huko Marekani chanjo hii kwa kawaida hungojewa hadi miezi 12, kwa sababu kinga aliyotoka nayo mtoto tumboni mwa mama huweza kuizuia isishike vizuri. Kwetu Kenya hutolewa miezi tisa, kwa kuwa surua ilikuwa ikiwawahi watoto wakiwa wadogo zaidi. Kwa mtoto anayesafiri nje ya nchi, mwongozo wa Marekani wenyewe unasema apewe dozi moja akiwa na miezi 6 hadi 11. Dozi hiyo ni ya kumlinda safarini tu, kwa hiyo akifika mwaka ataanza hesabu upya, mbili kamili. Muuguzi wako hakubuni neno.

Sasa nije kwa mume wako, na nakuomba usimwone mkaidi. Amesikia habari ya kutisha juu ya mwanawe, akafanya kile ambacho baba hufanya, akamkinga. Bahati mbaya amemkinga na kisichokuwa hatari, akamwacha wazi kwa kilicho hatari.

Habari hiyo ilianzia Uingereza mwaka 1998. Daktari Andrew Wakefield aliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto 12 tu, akaihusisha chanjo ya MMR na usonji. Uchunguzi ulipofanywa ikabainika kwamba kazi ile haikuwa ya uaminifu. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Wengine wamelichunguza swali lenyewe kwa haki. Denmark walifuata watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Lakini dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana katika umri uleule ambao watoto wanachanjwa, na mzazi aliyeona yote mawili mwaka mmoja huyaunganisha. Simlaumu.

Mji mnaoishi una historia yake katika jambo hili, na huenda mume wako ameipokea bila kujua ilikotoka. Wazazi Wasomali wa Minneapolis waliona watoto wao wengi wakiwekwa katika madarasa ya usonji, wakauliza kwa nini, na hawakupata jibu la kuwaridhisha. Penye swali lisilojibiwa hupita yeyote mwenye jibu. Wakapita wapinga chanjo, na Wakefield mwenyewe akaja kuzungumza nao. Watoto wa Kisomali waliozaliwa Minnesota mwaka 2004 walikuwa wakichanjwa MMR kwa asilimia 92 wanapofika miaka miwili. Miaka kumi baadaye, kwa waliozaliwa 2014, ilikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, ikawapata watu 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo. Nawataja kwa heshima. Ni majirani zenu, ni waja wa Mungu waliodanganywa wakiwa na uchungu, na wengi wao baadaye wamesimama kidete kuwaelimisha wenzao.

Kabla ya hapo, mwaka 2011, palikuwa na mlipuko mdogo zaidi katika eneo hilohilo, watu 21. Ulianzia kwa mtoto wa miezi 30, mzaliwa wa Marekani, asiyechanjwa, aliyekuwa ametoka safari ya Kenya. Niliposoma habari za safari yenu katika barua yako, mwanangu, niliukumbuka mlipuko huo, mwili ukanisisimka. Mtoto wa miezi 30 asiyechanjwa, safari ya Kenya, kurudi Minneapolis. Mwanao ana miezi 42.

Mume wako asije akasema naona kwetu uchafu. Mimi ni mtu wa Pwani, nimeuguza katika wodi za watoto miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na najua surua haina habari na uchafu. Haikai kwenye mtaro wala kwenye choo. Inakaa kwenye pumzi ya mtu. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, virusi huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili, na katika watu kumi wasio na kinga waliokaa naye karibu, tisa hivi wataambukizwa. Tena mtu huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kutoka, wakati anaonekana ana mafua na macho mekundu basi. Sasa fikiria mnavyokaa Amsterdam masaa kungojea ndege, pamoja na watu wa kila nchi. Hapo Mombasa ina kosa gani?

Canada ni nchi tajiri na safi. Oktoba 2024 msafiri aliyetoka nje na ugonjwa alikuwa kwenye harusi huko New Brunswick, wageni wakarudi makwao mikoa mingine, na ukaenea kwa jamii ambazo wengi wao hawakuchanjwa. Mwaka mmoja baadaye wagonjwa walikuwa wamepita 5,000, na Novemba 2025 Canada ikapoteza hadhi yake ya nchi iliyotokomeza surua, hadhi iliyoishika tangu 1998. Harusi moja, mwanangu, nawe unakwenda harusini.

Na hapo ndipo penye jibu la mama mkwe. Umemwendea kwa mlango usio wake. Ulimwambia, au yeye alisikia, kwamba watoto wanalindwa dhidi ya nyumba yake. Mpigie tena, umwambie upande wa pili, ambao nao ni kweli tupu: "Mama, tunapita viwanja vya ndege vitatu, na huku Marekani surua imerudi. Nyumba yako itajaa watu, kuna kesha, kuna kupaka hina, kuna vichanga vya majirani ambavyo havijafika sindano ya miezi tisa. Sitaki wajukuu zako ndio wawe wameleta ukambi siku ya harusi ya wifi yangu." Mama wa Kimvita aliyelea watoto saba hawezi kulikataa neno hilo. Atalishika yeye, amwambie mwanawe, na likitoka kwa mamake litaingia sikio jingine kabisa. Usimwombe mama akugombanie. Mwombe tu amsimulie mwanawe walivyougua wale saba.

Maana hapo pana hadithi ambayo mume wako hakuiona kwa kuwa alikuwa mtoto. Yeye anakumbuka kufungiwa ndani. Mama yake anakumbuka usiku. Mimi nawakumbuka akina mama hao wakifika wodini alfajiri na mtoto aliyefunikwa khanga mbili. Wengine walikuwa wamekawia nyumbani kwa kuwa waliambiwa mwenye ukambi haogeshwi wala hadungwi sindano, upele usije ukarudi ndani. Mtoto ana kichomi, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Mwingine anahara hata machozi hana. Mmoja, binti wa miaka minne, surua ilimwachia vidonda kwenye mboni za macho yote mawili. Alipona. Mamake alimbeba akatoka naye, na yule mtoto akawa anauliza mbona taa hazijawashwa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hao wote wangehesabiwa katika "tuliugua tukapona".

Kabla chanjo haijapatikana mwaka 1963, surua ilikuwa ikiua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka duniani. Waliopona nao mara nyingi huachwa na mwili uliosahau kinga ya maradhi mengine, ndiyo maana tulikuwa tukiwaona wakirudi wodini na ugonjwa huu na ule miezi mingi baadaye.

Kuhusu mafuta ya samaki: mama mkwe hakukosea kabisa, kwa sababu vitamini A kweli ni sehemu ya matibabu ya surua. Tulikuwa tukiwapa wagonjwa dozi mbili, leo na kesho, kwa kipimo cha umri, na inaokoa macho na uhai. Lakini hiyo ni dawa ya aliyekwisha kuugua, mkononi mwa daktari. Haizuii mtu kuambukizwa. Mwaka 2025 surua ilipoenea Texas, baadhi ya watoto walifikishwa hospitali ini likiwa limeguswa kwa kupewa vitamini A nyingi nyumbani. Msiwape kama kinga.

Wazo lako la kwenda kliniki kwa siri naomba uliache, na sababu yangu ya kwanza haihusu hata ndoa. Chanjo hii mara nyingine huleta joto, na joto lake haliji siku ileile. Huja siku ya sita mpaka ya kumi na mbili hivi, wakati mwingine na vipele vyepesi. Mara chache sana joto hilo huleta degedege, ambayo hupita. Sasa mume wako arudi na lori usiku wa siku ya nane, amkute kijana anachemka, kisha ndipo ajue alidungwa bila yeye kuambiwa. Hata joto likishuka kesho yake, hofu yake utakuwa umeithibitisha wewe, na dozi ya pili hutaipata. Akijua mapema kwamba joto hilo linaweza kuja na linakuja lini, litamkuta ameshajiandaa.

Kwa hiyo mwende wote wawili. Omba miadi siku ambayo yuko nyumbani, umwambie aandike maswali yake yote na amuulize daktari mwenyewe, wewe ukae kimya. Umpe pia jambo moja la kutafuta kabla ya kwenda. Kama mliingia Marekani kwa visa ya uhamiaji, mlipimwa afya, na MMR ni miongoni mwa chanjo ambazo watu wa umri wenu hutakiwa kuwa nazo. Fungueni bahasha ya karatasi zenu za zamani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba baba huyu anayeiogopa chanjo hii alidungwa yeye mwenyewe miaka saba iliyopita, akatoka pale akaenda zake kula.

Na akikataa hata baada ya hayo? Hapo nakutaka uwe imara, kwa sauti ya chini na bila kufichaficha: watoto wasiochanjwa hawapandi ndege. Aende yeye harusini kwa dada yake, nawe ubaki nao. Pesa za tiketi zinauma, na maneno ya mawifi yanauma zaidi, nayajua. Lakini sikuambii uahirishe safari leo. Ukifanya hivyo utakuwa umeikimbia Mombasa na bado umebaki na watoto wasio na kinga Minneapolis, ambako surua nako inapita.

Kuhusu wewe. Sindano ya miezi tisa ilikuwa moja tu enzi zako. Dozi ya pili iliingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2013, wewe ukiwa mtu mzima. Dozi moja haitoshi kwa msafiri, na haitoshi kwa mtu anayewaosha na kuwalisha wazee wanyonge. Angalia zile karatasi za uhamiaji, uulize pia kazini kama walikupima damu ulipoajiriwa. Usipopata uthibitisho wowote, dungwa tu. Kurudia chanjo uliyowahi kupata hakudhuru. Lakini kama una mimba au unashuku unayo, sema kabla hujakunja mkono wa gauni, maana mjamzito hapewi MMR, na aliyepewa hungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Kunyonyesha hakuzuii kitu. Vilevile mtaje yeyote nyumbani mwenye maradhi au dawa zinazoshusha kinga ya mwili.

Mkiwa kliniki ulizeni pia dawa ya kinga ya malaria kwa watoto. Mkiwa Kisauni mtoto akipata joto, msiseme malaria hiyo mkamnunulia dawa dukani. Apimwe.

Mkirudi, hesabuni siku 21. Mtu akipata joto, kikohozi, macho mekundu, kisha upele unaoanzia usoni na kushuka, msikimbilie kuketi kwenye chumba cha kungojea katikati ya vichanga vya watu. Pigeni simu kwanza, mseme mmetoka safari, wawaelekeze mlango wa kuingilia. Na mkiambiwa mlikuwa karibu na mgonjwa, msingoje dalili: chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 huweza kuuzuia ugonjwa, na kwa mtoto mdogo kuna sindano ya kingamwili inayofaa mpaka siku ya sita.

Kadi za watoto zipige picha, uzitie pamoja na pasipoti. Na mpigie mama mkwe leo usiku, kwake kukiwa asubuhi na hajaanza shughuli. Kliniki piga kesho kabla hujaingia kazini. Wiki sita ni siku 42, mwanangu, na 28 kati yake ni za huyo kijana.